Mita janja ya umeme wa nyumbani: je, inaweza kuchezewa kutoka nje, na mwenye nyumba afanye nini?

Mpangishaji wa Kimara

Ndugu zangu, nina nyumba ya vyumba vya kupangisha huku Kimara, yenye mita tatu za umeme. Mbili ni LUKU za zamani, zile za kubonyeza tarakimu ishirini kwenye rimoti, na ya tatu ilibadilishwa mwezi uliopita ikafungwa mita janja. Fundi aliyeifunga alinieleza kwamba ina laini ya simu ndani yake, kwamba nikinunua uniti zinaingia zenyewe bila mtu kubonyeza kitu, na kwamba ofisini wanaisoma bila mtu kuja kugonga geti. Nilifurahi, kwa sababu rimoti ya zamani ilikuwa jikoni kwa mpangaji mmoja mtu mzima asiyeona vizuri, na mara kwa mara nilikuwa naamshwa saa tano za usiku nikamsomee tarakimu.

Furaha hiyo ilidumu wiki mbili. Jumamosi moja alikuja kijana na bodaboda, amevaa fulana yenye nembo na kitambulisho kilichogeuzwa mgongo, akafungua kompyuta mpakato juu ya kiti cha pikipiki na kutoa waya wenye kichwa cha duara, kikubwa kidogo kuliko kizibo cha soda, chenye sumaku ya kujigandisha. Alisema kwamba akikibandika kile kichwa usoni pa mita kwa dakika tano, mita itapunguzwa mwendo iwe inahesabu nusu tu ya umeme unaotumika, na kwamba kazi hiyo ni shilingi laki moja na nusu, nusu kabla na nusu baada ya kuona matokeo. Nilimwambia nitamjulisha. Sikumpa kitu, lakini tangu siku hiyo sijatulia.

Naomba kujua, kwanza, kama anachosema kinawezekana au ni utapeli wa kawaida wa vishoka, hawa mafundi wa umeme wasio rasmi. Halafu, ikiwa kijana wa bodaboda anaweza kuzungumza na mita yangu kwa waya, ni kitu gani kinachomzuia mtu aliye mbali, ambaye hata simjui, kuifikia kupitia hiyo laini ya simu na kuwazimia wapangaji wangu umeme? Na mwisho, mpangaji wangu mmoja ni muuguzi anayeingia zamu za usiku, ameniuliza kama kuna watu watakaojua saa ambazo chumba chake hakina mtu. Nilishindwa kumjibu.

Fundi Mstaafu, Tanga

Ndugu yangu, nimefunga na kufungua mita kwa zaidi ya miaka thelathini, na nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kutoa pesa. Kifaa ulichokiona ni cha kweli. Ukichutama mbele ya mita yako ukatazama chini ya skrini, utaona vitobo viwili vidogo vyeusi vilivyokaa karibu karibu: kimoja hutoa mwanga ambao jicho halioni na kingine hupokea, sawasawa na rimoti ya televisheni. Huo ndio mlango wa fundi. Kwa mlango huo tunasoma kumbukumbu za mita, tunarekebisha saa yake, na kwa mita nyingine tunaweza hata kubadilisha mipangilio ya hesabu. Sumaku ya kile kichwa ni ya kukishikilia tu kisidondoke.

Kinachotakiwa kuulinda mlango huo ni nywila, na hapo ndipo penye ugonjwa wa siku nyingi. Mahali pengi duniani mita zimefungwa kwa maelfu zikiwa na nywila moja, ama ile iliyotoka nayo kiwandani, ama moja iliyochaguliwa na shirika na kugawiwa kwa mafundi wote. Fundi akiacha kazi, anaondoka nayo kichwani.

Mfano ninaopenda kuwapa vijana ni wa Puerto Rico. Mwaka 2010 FBI ya Marekani iliandaa taarifa, iliyokuja kujulikana hadharani mwaka 2012, kwamba mita janja za kisiwa hicho zilikuwa zikichezewa kwa wingi kiasi kwamba hasara ingeweza kufika dola milioni 400 kwa mwaka. Walioshukiwa si wataalamu wa hatari waliojificha nchi za mbali, bali watu waliowahi kufanya kazi kwa mtengenezaji wa mita pamoja na wafanyakazi wa shirika la umeme lenyewe, ambao walikuwa wakitoza kati ya dola 300 na 1,000 kwa nyumba ya kuishi na takriban dola 3,000 kwa mwenye biashara, na pia kuwafundisha wengine kazi hiyo. Kifaa chao kilikuwa kichwa cha namna hiyo hiyo uliyoiona, cha bei ya kama dola 400, na programu iliyopatikana mtandaoni. Kishoka wa Puerto Rico na kishoka wa Kimara ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo jambo hilo linawezekana kwa baadhi ya mita. Kwa nyingine kijana wako angechukua nusu ya kwanza na usingemwona tena. Lakini hata akifaulu, mzigo unabaki kwako. Mita janja huandika kila mara kifuniko chake kilipofunguliwa, kila sumaku kali iliposogezwa karibu, na kila mtu alipoingia kwenye mipangilio yake, pamoja na tarehe na saa, na habari hizo huenda ofisini. Mbali na hapo, shirika linaweza kufunga mita kwenye transfoma: transfoma ikiwa imetoa uniti 10,000 kwa mwezi na mita zote zilizo chini yake zikahesabu 8,200, watu watatumwa kutafuta zile 1,800, na wataanza na nyumba ambayo matumizi yake yalishuka ghafla. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inahesabu kuchezea mita kuwa kosa la jinai, na jina lililo kwenye akaunti ni lako, si la mwenye bodaboda.

Kuna kipimo unachoweza kukifanya bila kugusa chochote. Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja, mara nyingi 1,000. Zima kila kitu kinachotumia mita hiyo, uwashe birika la umeme la wati 2,000 peke yake, uhesabu kwa dakika moja. Inatakiwa uone kama mipepeso 33. Umeme ukiwa mdogo itapungua kidogo, lakini haitapungua nusu. Angalia pia lakiri, ule waya mwembamba wenye kidude cha plastiki chenye namba, na uipige picha kwa mita zote tatu.

Bi. Funguo, Mombasa

Shikamoo mzee wangu Fundi. Nimefurahi umeanza na mlango wa mbele, maana wengi wetu tuliosomea usalama wa kompyuta huwa tunaukimbilia ule wa mbali. Naomba niendelee pale ulipoachia.

Ndugu mpangishaji, ili uone ni nini kilichobadilika, ni vizuri kwanza kujua mita zako mbili za zamani zilikuwa na nguvu gani. Mita ya tokeni, ambayo kwetu Kenya na kwenu Tanzania inafuata mfumo wa STS uliozaliwa Afrika Kusini, ni bubu na kiziwi: haijui lolote ila tarakimu unazobonyeza. Kila mita ina ufunguo wake wa siri, uliotengenezwa kwa kuchanganya ufunguo mkuu wa shirika na namba ya mita hiyo, na ndiyo maana tokeni yangu haiwezi kuingia kwako hata ukiibonyeza mara mia. Ndani ya zile tarakimu ishirini kuna kiasi cha uniti pamoja na muda wa kununua, unaohesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, ili tokeni iliyokwisha tumika isirudiwe. Nafasi ya kuandika dakika hizo ilikuwa ya biti 24, yaani nafasi 24 za sifuri au moja, ambazo hubeba dakika 16,777,216 na si zaidi, nazo zilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Bila shaka unakumbuka mwaka ule ulipoletewa makundi mawili ya ziada ya tarakimu ishirini ukatakiwa kuyaingiza kabla ya tokeni yenyewe. Kazi yake ilikuwa kubadilisha ufunguo wa mita na kuanzisha hesabu mpya ya dakika.

Mfumo huo umedumu zaidi ya miaka thelathini, na wezi walioushinda hawakushindana na mita. Afrika Kusini kwa miaka mingi walikuwa wakiiba mashine za kuuzia tokeni, zenye ufunguo ndani yake, na kuzitumia mafichoni kutoa tokeni halali kabisa machoni pa mita. Zilipoondolewa mashine hizo na mauzo kuhamia kwenye seva, wezi nao walihama: Desemba 2024 Eskom, shirika la umeme la huko, yenyewe ilieleza kwamba mfumo wake wa kuuza tokeni kwa mtandao ulikuwa umeingiliwa na tokeni za magendo zikazalishwa. Waliingia jikoni tokeni zinakopikwa.

Mita janja imepewa masikio na mdomo, na pia imepewa mkono, yaani swichi ndani yake inayoweza kukata na kurudisha umeme kwa amri inayotoka mbali. Swali lako la pili linahusu mkono huo, na jibu lake linategemea zaidi mpango wa funguo kuliko laini ya simu. Mwaka 2014, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa Black Hat jijini Amsterdam, watafiti wawili, Javier Vazquez Vidal na Alberto Garcia Illera, walieleza jinsi walivyoifungua mita moja ya Hispania mezani kwao na kukuta kwenye kumbukumbu yake, bila ulinzi wa maana, funguo za siri za AES ya biti 128 (njia ya kusimba, yaani kuuficha ujumbe usisomeke bila ufunguo) ambazo hazikuwa za mita ile peke yake. Wakati huo Hispania ilikuwa imekwisha funga mita janja kwenye nyumba zaidi ya milioni 8. Namna ya kusimba ilikuwa imara, hakuna aliyeivunja. Udhaifu ulikuwa kugawia mita nyingi ufunguo mmoja, kama mwenye nyumba za kupanga anayefunga milango yote kwa kufuli za aina moja ili asibebe rundo la funguo.

Wengine walikosea kwa kujitungia usimbaji wao wenyewe. Mwaka 2015 Philipp Jovanovic na Samuel Neves walionyesha kwamba njia ya kuthibitisha ujumbe iliyotumika katika kiwango cha mawasiliano ya mita kinachoitwa OSGP, kilichokuwa kwenye vifaa zaidi ya milioni 4, ilikuwa dhaifu kiasi cha kuuvujisha ufunguo wenyewe. Uingereza nayo, magazeti yaliripoti mwaka 2016 kwamba shirika la ujasusi la GCHQ liliingilia kati usanifu wa mita za taifa baada ya kuona hatari hiyo hiyo ya ufunguo mmoja kwa mita zote.

Hofu yangu si kwamba mtu atamzimia muuguzi wako chumba kimoja. Mwaka 2010 Ross Anderson na Shailendra Fuloria wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionya kwamba swichi hizo zikikusanywa chini ya mfumo mmoja zinakuwa silaha dhidi ya nchi. Chukua nyumba laki tano, kila moja ikitumia wati 500 jioni: jumla ni megawati 250, ambayo inazidi kidogo uwezo wa mtambo mmoja kati ya mitambo tisa ya Bwawa la Nyerere, wenye megawati 235. Mzigo huo ukitoweka kwa sekunde moja na kurudi kwa sekunde nyingine, gridi inayotakiwa kukaa kwenye hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, inayumba, na mitambo hujizima ili isiharibike. Dawa yake inajulikana: amri ya kukata isainiwe na mamlaka zaidi ya moja, mita ichelewe kutekeleza kwa muda wa bahati nasibu ili zote zisiruke pamoja, na mfumo ukatae kupitisha amri nyingi kupita kiasi kwa saa moja.

Kuhusu laini ya simu, kwa kawaida laini za mita hufungiwa kwenye njia ya pekee ya kampuni ya simu zisionekane kwenye intaneti ya watu wote. Lakini laini inaweza kuchomolewa. Mwanzoni mwa 2011 iliripotiwa kwamba jijini Johannesburg wezi walichomoa laini kutoka kwenye taa za kuongozea magari takriban 400 wakazipigia simu mpaka bili zikashtua jiji. Hao walitaka muda wa maongezi tu. Anayetaka njia ya kuingilia mtandao wa mita angeanzia mahali hapo hapo.

Mama Amani, Ujerumani

Hamjambo nyote. Mimi si fundi, ni mkalimani, lakini suala la yule muuguzi limenigusa kwa sababu huku ninakoishi ndilo lililosumbua watu kuliko wizi wa umeme.

Tangu miaka ya 1980, George Hart na wenzake katika chuo cha MIT walionyesha kwamba ukitazama jumla ya umeme unaoingia nyumbani unaweza kutambua vyombo kimoja kimoja bila kuingia ndani. Nimewahi kuutazama mchoro wa matumizi ya nyumba yangu mwenyewe, na baada ya siku mbili sikuhitaji maelezo. Friji hupanda na kushuka usiku kucha kwa mwendo wa mtu anayepumua usingizini. Birika husimama wima kama nguzo kwa dakika tatu kisha huanguka. Pasi hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, hadi shati liishe. Siku tuliyosafiri ilibaki ile pumzi ya friji peke yake, na mtu yeyote mwenye mchoro ule angejua kwamba nyumba haina mtu.

Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha sayansi tumizi cha Münster walikwenda mbali zaidi. Walichukua mita iliyokuwa ikituma vipimo kila baada ya sekunde 2, wakakuta kwamba vilikuwa vikisafiri bila kusimbwa, na kwamba kutokana na mabadiliko ya mwanga wa skrini ya televisheni waliweza kutambua filamu iliyokuwa ikitazamwa. Pia ujumbe haukuwa na saini, hivyo waliweza kumpelekea mwenye mita matumizi ya uongo. Uholanzi, miaka miwili kabla ya hapo, Baraza la Juu la Bunge lilikuwa limekataa sheria ya kumlazimisha kila mwenye nyumba kufungiwa mita janja, kwa sababu hiyo hiyo ya faragha. Marekani, mwaka 2018, mahakama ya rufaa ilitamka katika kesi ya mji wa Naperville kwamba kukusanya vipimo vya nyumba kila dakika 15 ni upekuzi kwa maana ya katiba, ingawa kwa mazingira ya kesi ile ulikuwa upekuzi unaokubalika.

Kwa hiyo mwambie muuguzi ukweli: mita ikisomwa mara moja kwa siku haisemi mengi, ikisomwa kila nusu saa inasema saa zake za kutoka na kurudi. Ila kwa kuwa wewe mpangishaji una mita tatu kwa vyumba vingi, mita yake pengine inachanganya watu wanne au watano, na mchanganyiko huo unamficha kuliko angekuwa na mita yake peke yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kwa sheria hiyo ana haki ya kuuliza ni taarifa gani zinazomhusu zinazokusanywa na kwa madhumuni gani. Aulize kwa maandishi.

Mhasibu wa Mtaa, Dodoma

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naona tumemchukua ndugu yetu kutoka Kimara tukamzungusha Hispania, Amsterdam na Münster wakati adui wake yuko Kariakoo. Naomba nimuulize: wapangaji wanagawanaje gharama? Maana wenye nyumba wengi ninaowafahamu hununua mita ndogo za dukani, siku hizi zenye Wi-Fi na programu ya simu, wakazifunga ndani ya chumba cha kila mpangaji ili waweze kumkatia asiyelipa. Mita hizo hazikupitia ukaguzi wa shirika lolote. Nimekuta nyumba ambayo nywila ya Wi-Fi imeandikwa kwa chaki ukutani, akaunti ya programu imefunguliwa kwa namba ya simu ya fundi aliyezifunga, na mwenye nyumba mwenyewe hajui hata kuiingia. Fundi yule akiamua, anazima nyumba nzima akiwa kitandani kwake.

Mambo ya kuangusha gridi ya taifa tuwaachie wenye gridi. Huyu aangalie akaunti, nywila, na ujumbe wa simu unaomtaka abofye kiungo ili "kuhuisha mita janja". Na asiogope kumpa mpangaji namba ya mita anunue uniti. Anayeijua namba ya mita hiyo anachoweza kukufanyia ni kukununulia umeme.

Bi. Funguo, Mombasa

Ndugu Mhasibu, kuhusu mita za dukani umesema jambo ambalo nilipaswa kulitaja mwanzoni, na nakubali lote. Siwezi kukubali lile la kuwaachia wenye gridi. Nywila ya Wi-Fi ndugu yetu ataibadilisha leo jioni. Mpango wa funguo za mita ya ukutani hana uwezo wa kuubadilisha hata akikesha, na mita hiyo itakaa hapo miaka kumi na zaidi. Ndiyo maana wateja wanapaswa kuuliza mapema, kwenye mikutano ya wadau inayoitishwa na mdhibiti na kupitia baraza la watumiaji, kama kila mita ina ufunguo wake, nani anasaini amri ya kukata, na programu ya mita inasasishwaje udhaifu ukigunduliwa. Aliyenunua mita laki kadhaa hawezi kuzirudisha dukani.

Mpangishaji wa Kimara

Nawashukuru nyote, na naomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Ndugu Mhasibu alinishtukia: ni kweli vyumba vitatu vya nyuma vina mita ndogo za Wi-Fi, nami sikuzitaja kwa sababu sikuwa nazihesabu kuwa mita. Akaunti yake ilikuwa kwa jina la fundi. Nilimpigia, hakuwa na ubaya, alikuja tukaihamishia kwenye simu yangu na kubadilisha nywila, ambayo ilikuwa moja hadi nane. Muuguzi nimemweleza kama Mama Amani alivyosema, akaandika barua yake mwenyewe na kubaki na nakala.

Kilichonileta hasa ni kile kipimo cha birika. Jana Jumapili, wapangaji wengi walipokuwa kanisani, nilikifanya pamoja na mwanangu aliyeshika saa. Zote tatu zimeandikwa mipepeso 1,000 kwa uniti. Mita janja ilipepesa mara 32. LUKU ya kwanza ilipepesa 33. LUKU ya pili, iliyo upande wa nyuma, ilipepesa 17. Tulirudia mara tatu, tukapata 17, 16 na 17. Nilipoitazama lakiri yake kwa tochi, waya ulikuwa umekatwa kwa nyuma na kusokotwa tena, na kuna vumbi la siku nyingi juu ya msokoto. Upande huo ulikuwa na mpangaji mwenye kazi ya kuchomelea, aliyehama mwaka juzi. Mzee Fundi, nifanye nini sasa? Niuzime umeme wa upande huo kwanza?

Fundi Mstaafu, Tanga

Usiiguse, usiifunike, wala usiukaze waya wa lakiri. Piga picha zinazoonyesha namba ya mita na ule msokoto pamoja, andika barua yenye tarehe ya kipimo na matokeo yake yote matatu, na uipeleke wewe mwenyewe kesho asubuhi wakifungua ofisi, upate nakala yenye mhuri wa mapokezi. Taja ndani yake kwamba upande huo ulikuwa na mpangaji mwingine na ameondoka lini, na ambatanisha mkataba wake kama unao. Anayeripoti kabla ya kukaguliwa husikilizwa tofauti na anayekutwa. Na yule kijana wa bodaboda akirudi, muulize kwa upole kama amewahi kufika nyumba hiyo upande wa nyuma.